Dagaa wa Kigoma na mafunzo yasiyokaa kichwani

Alfajiri, mitumbwi inapoingia na dagaa katika mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma, akina mama huanza kazi mara moja: kununua kwa beseni, kuosha, kuanika. Ilikuwa saa nne, jua limeshakuwa kali, siku wataalamu, nami nikiwa mmoja wao, tulipowakusanya chini ya mwembe kuwafundisha kuanika juu ya vichanja badala ya mchangani. Tulikuja na bango lenye mambo kumi na mawili. Walisikiliza, wakapiga makofi, wakasaini karatasi ya mahudhurio. Mwezi uliofuata nilikuta dagaa wametandazwa mchangani kama kawaida.

"Mwanangu, siku ile sikuwa nimelala," mama mmoja aliniambia. "Nilisikia, lakini sikushika."

Nilidhani ni kisingizio. Kumbe alikuwa ameeleza vizuri namna ubongo unavyofanya kazi.

Ndugu msomaji, jambo jipya hupitia kwanza kumbukumbu ya muda mfupi, ambayo ni finyu mno. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kuwa inabeba mambo kama saba kwa wakati mmoja. Mwaka 2001 Nelson Cowan alishusha makadirio hayo hadi manne hivi. Sisi tulimtwisha mama yule kumi na mawili, tena akiwa amekesha, wakati usingizi ndio unaosaidia ubongo kuimarisha yale mtu aliyojifunza. Na tangu mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kuwa mengi husahaulika ndani ya siku ya kwanza, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana hushinda kukariri kwa mkupuo.

Hasara yake ni ya fedha. Dagaa wenye mchanga huuzwa kwa bei ndogo, na mvua ikiwakuta chini huoza, mtaji wa mkopo ukiwa humo humo.

Bahati nzuri ziwa lina ratiba yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi, hivyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Akina mama nao hulala. Hizo ndizo siku za kufundisha jambo moja au mawili, wakijenga kichanja kwa mikono yao. Giza likirudi, wanaanikia juu yake. Mbalamwezi ijayo bwana samaki asirudie hotuba, bali awaulize wao wamweleze walichofanya. Utafiti wa Roediger na Karpicke wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa wanafunzi waliojilazimisha kukumbuka walichosoma walikishika zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena.

Wapo wanaopendekeza mafunzo yafanywe ziwa linapofungwa, kama ilivyokuwa Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Mimi sishawishiki sana, maana hakuna dagaa wa kujaribia.

Kikwazo ni bajeti. Safari tatu fupi za kwenda mwaloni hula mafuta ya pikipiki kuliko semina moja ndefu. Na fomu ya taarifa niliyojaza siku ile iliuliza waliohudhuria ni wangapi. Haikuwa na nafasi ya kuandika wangapi walikuwa wanaanika juu ya vichanja miezi mitatu baadaye.