Mazungumzo ya 9: Nyama Safarini – Barafu Ikiisha, Mama Afanye Nini?

     Leo tutazungumza juu ya jambo linaloijia kila nyumba hapa Garissa, Wajir na Mandera: kusafiri na nyama katika jua letu hili.

Tuseme mbuzi amechinjwa alfajiri Garissa mjini. Kijana wako anapeleka nyama kwa ndugu zake Wajir, safari ya zaidi ya kilomita 300. Njiani mvua inanyesha, lori linakwama kwenye tope, usiku unaingia. Nyama inafika kesho yake. Kwa macho haina neno. Je, utampa mtoto wako?

Kabla ya kujibu, tuanze mwanzo.

Nyama ipi?

Zamani wako waliokwenda porini wakarudi na nyama ya swara. Mambo hayo yamepita. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamwadhibu anayeua mnyama wa porini, au anayekutwa na nyama yake. Tena nyama hiyo haikukaguliwa na mtu yeyote, na hujui mnyama alikuwa na ugonjwa gani. Kwa hivyo leo tunazungumza juu ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, waliochinjwa wakiwa wazima.

Mama, shika maneno hayo: wakiwa wazima. Wengi wetu tunakumbuka mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006. Homa ya Bonde la Ufa ilizuka hapa Garissa, ikaenea sehemu nyingine. Kufikia Machi 2007, watu zaidi ya 150 walikuwa wamefariki nchini Kenya. Wengi wa walioambukizwa walikuwa wameshika damu au nyama ya wanyama wagonjwa, wakati wa kuchinja, kuchuna au kukatakata.

Barafu haikusaidii hapo. Baridi hulaza viini vya magonjwa, haiviui. Ukiona mbuzi wengi wanaharibu mimba, au wana-mbuzi na wana-kondoo wanakufa kwa wingi baada ya mvua, usichinje. Mwite afisa wa mifugo. Na mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi ikimtoka puani au nyuma, huenda ana kimeta. Usimpasue, usimchune. Dini imekwisha kutukataza nyamafu, na daktari anasema vivyo hivyo.

Kwa nini nyama huharibika upesi kwetu

Viini vinavyoharibu nyama ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Hutoka kwenye mikono, kisu, nzi, vumbi na matumbo ya mnyama. Vikipata joto na unyevu, huzaana. Kiini kimoja kinaweza kuwa viwili kwa dakika 20 tu. Hesabu mwenyewe: baada ya muda wa saa 4, kile kimoja kimekuwa zaidi ya 4,000.

Kwenye baridi ya nyuzi 5 au chini yake, viini hivyo huzaana polepole sana. Joto likizidi nyuzi 32, kama ilivyo mchana mwingi hapa kwetu, nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa moja.

Ukiwa na barafu

Sanduku la barafu lenye kuta nene linafaa sana, lakini lina masharti yake:

1. Nyama iliyotoka kuchinjwa bado ina joto la mwili, nayo huyeyusha barafu mara moja. Ukiweza, igandishe kwanza usiku kucha kwenye friji, hata ya duka la jirani.

2. Itie kwenye chombo safi chenye kifuniko, ili isiloane kwa maji ya barafu na damu yake isimwagikie vitu vingine.

3. Gandisha maji kwenye chupa au jerikeni ndogo. Donge kubwa huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na likiyeyuka ndani ya chupa safi, maji yake yanafaa kunywa.

4. Barafu isipungue uzito wa nyama. Weka nyingine chini, nyingine juu.

5. Funika sanduku kwa blanketi, liweke kivulini, wala usilifungue kila mara. Soda na maji ya kunywa yakae kwenye chombo kingine.

Wengine huuliza: je, gunia lililoloweshwa maji? Gunia hilo hupoza maji ya kunywa vizuri kabisa. Lakini nyama halitaifikisha kwenye baridi inayotakiwa. Usilitegemee.

Kama barafu haitafika mwisho wa safari

Hili ndilo jambo kubwa la leo. Amua kabla ya kuondoka. Usingoje barafu iishe njiani ndipo uanze kufikiri. Kama safari ni ndefu kuliko barafu yako, usibebe nyama mbichi. Beba nyirinyiri.

Mama zetu walijua jambo hili kabla friji haijafika. Viini haviwezi kuzaana pasipo maji. Nyirinyiri ni nyama iliyoondolewa maji, kisha ikafunikwa kwa mafuta.

Chukua nyama ambayo bado ni mbichi na nzuri, si ile iliyoanza kunuka. Osha mikono na kisu. Kata nyama vipande virefu vyembamba, tia chumvi, uvianike juani penye upepo, juu ya kamba, mbali na vumbi na mbuzi. Funika kwa neti safi, nzi wasitue. Usiku iingize ndani. Ikikauka, ikate vipande vidogo vidogo, uikaange kwenye mafuta au samli. Sikiliza sufuria: ule mlio wa kuchachatika ni maji yanayotoka. Mlio ukikaribia kwisha, nyama imekauka. Ukipenda tia iliki. Ihifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mafuta yakiifunika nyama yote. Ukichota, tumia kijiko kikavu. Tone la maji au mkono mchafu huharibu chombo kizima. Ikitengenezwa vizuri hukaa wiki nyingi bila friji.

Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kula nyirinyiri kidogo, iliyotwangwa na kulainishwa ndani ya chakula chake. Isiwe na chumvi nyingi.

Kuchemsha tena hakutoshi

Sasa turudi kwa ile nyama ya Wajir. Kama vipande vya barafu bado vimo na nyama ni baridi sana ukiigusa, ipike mara moja mpaka iive ndani. Kama barafu ilikwisha zamani na nyama ina joto, usimpe mtoto, wala usile wewe. Wengi husema, "Nitaichemsha sana." Mama, baadhi ya viini huacha sumu ndani ya nyama, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Huenda hata harufu isiwepo.

Tunajua kutupa nyama kunauma, mbuzi ni mali. Lakini ifukie mbali na watoto na mbwa.

Mtoto akiugua

Mtoto akianza kuhara na kutapika, endelea kumnyonyesha. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo, ukichanganya pakiti na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Uliza zahanati dawa ya zinki, umpe kila siku kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa, hata kuhara kukikoma. Mkimbize hospitali ukiona hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho yamebonyea, amelegea, ana degedege au choo kina damu.

Kumbuka

- Chinja mnyama mzima tu.
- Juani, nyama mbichi isizidi saa moja.
- Barafu haitoshi safari? Tengeneza nyirinyiri.
- Nyama iliyoharibika haiponywi na moto.

Maswali ya kuzungumza na majirani

1. Ni nani nyumbani kwako anayeamua nyama ya safari ipakiwe vipi?
2. Nani kijijini anajua kutengeneza nyirinyiri vizuri, na ni nani anayejifunza kwake?