Tupime wote kwa jiwe moja



Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, kinamkataza mfanyabiashara kubeba mfukoni mawe mawili ya mizani, moja kubwa na moja dogo. Lile kubwa ni la kununulia, dogo la kuuzia. Mkulima wa pamba au korosho aliyewahi kupunjwa kwenye mizani hahitaji kuelezwa maana yake. Leo nataka tuitazame mizani nyingine: ile tunayoitumia tunaposikia kwamba fulani ametuhumiwa kubaka au kumdhalilisha mtoto.

Januari 2002, gazeti la Boston Globe la Marekani lilianza kuchapisha mfululizo wa habari za mapadre waliowadhulumu watoto kijinsia, na za wakubwa wao waliowahamisha kutoka parokia moja hadi nyingine badala ya kuwazuia. Desemba mwaka huohuo, Kardinali Bernard Law, Askofu Mkuu wa Boston, akajiuzulu. Mimi ni padre, na ninakiri kwamba habari zile zilituuma. Lakini gazeti lile lilifanya kazi ambayo sisi wenyewe tulipaswa kuifanya.

Miezi mitatu baadaye, Machi 2003, huko Hollywood, Roman Polanski alitunukiwa Oscar ya mwongozaji bora kwa filamu yake The Pianist. Mwenyewe hakuwapo. Asingeweza kukanyaga Marekani, kwa sababu mwaka 1977 alikiri mahakamani Los Angeles kufanya ngono na msichana wa miaka 13, na mwaka 1978 akatorokea Ufaransa kabla ya kupewa adhabu. Jina lake lilipotajwa, wengi ukumbini walisimama wakampigia makofi.

Mwaka 2009 alipokamatwa Uswisi, zaidi ya watu mia moja wa tasnia ya filamu walitia saini kutaka aachiwe. Miongoni mwa waliomtetea hadharani alikuwamo mtayarishaji maarufu Harvey Weinstein, ambaye mwaka 2023 naye alihukumiwa Los Angeles kifungo cha miaka 16 kwa ubakaji. Taasisi inayotoa Oscar ilimfukuza Polanski uanachama mwaka 2018, miaka 40 baada ya kutoroka kwake.

Unayaona mawe mawili? Padre akipimwa, linatoka jiwe kubwa. Msanii akipimwa, linatoka dogo: ana kipaji, ni mambo ya zamani, tusichanganye kazi na maisha binafsi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Ingekuwa rahisi kwangu kuishia hapo, nikilalamika kwamba dunia inalionea Kanisa. Hapana. Sisi mapadre hatuna haki ya kuomba jiwe letu lipunguzwe. Mtoto wa Boston na mtoto wa Los Angeles wana thamani moja mbele za Mungu. Tena, ndugu yangu, na sisi tuna mastaa wetu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa paroko kijana, mama mmoja alikuja ofisini kwangu na binti yake. Akamtaja mzee aliyeheshimiwa na parokia nzima. Karibu nusu ya mabati ya kanisa aliyatoa yeye. Nikamwambia, “Mama, una uhakika? Mzee yule?” Nikamshauri akasali kwanza, arudi wiki inayofuata. Hakurudi. Baadaye nikasikia wamehama.

Kama aliyetajwa angekuwa kijana mbeba mizigo wa sokoni, nisingeuliza swali lile. Ningewapeleka polisi siku ileile. Nilikuwa na mawe mawili ndani ya kanzu yangu. Dhambi hiyo nimeiungama, lakini yule binti, aliyekaa muda wote akitazama sakafu, bado namkumbuka.

Soma Danieli sura ya 13. Wazee wawili, waamuzi wa watu, walimtaka Susana kwa vitisho. Alipokataa, wakamsingizia uzinzi. Mkutano ukawaamini kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi, akahukumiwa kufa. Ndipo kijana Danieli akasema watenganishwe, akamuuliza kila mmoja: uliwaona chini ya mti gani? Kila mmoja akataja mti wake. Soma pia Mwanzo sura ya 39. Yosefu alitupwa gerezani kwa neno la mke wa bwana wake, maana yeye alikuwa mtumwa tu. Katika habari zote mbili, watu walipima cheo badala ya kupima jambo.

Kwa hiyo, mpendwa, tuhuma si hukumu. Tusimhukumu mtu kwenye makundi ya WhatsApp. Lakini pia tusimzime anayelia kwa sababu aliyemtaja anaimba vizuri, anahubiri vizuri au anachangia vizuri. Ulizeni, kama Danieli. Mpelekeni mtoto kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, siku hiyohiyo. Msikubali yamalizwe kimyakimya kifamilia, kwa mbuzi au kwa bahasha. Na tangu mwaka 2019, kwa waraka wa Papa Fransisko uitwao Vos estis lux mundi, padre au mtawa anayepata habari za kosa la aina hii lililofanywa na mhudumu wa Kanisa anawajibika kutoa taarifa kwa uongozi wa Kanisa. Kunyamaza hakuruhusiwi tena.

Leo ukitoka kanisani, jiulize swali ambalo mimi nilichelewa kujiuliza. Akija mtoto nyumbani kwako jioni hii, akataja jina la mtu unayempenda na kumheshimu, mkono wako utatoa jiwe lipi mfukoni?

Jumapili njema.