Mwarobaini wa Jani, Mwarobaini wa Mbegu

Mtoto akitokwa na tetekuwanga, katika nyumba nyingi za Pwani sufuria hubandikwa jikoni kabla nauli ya kwenda zahanati haijatafutwa. Majani ya mwarobaini huchemshwa mpaka maji yakolee, yakipoa mtoto huogeshwa. Mkubwa mwenye homa naye hupewa kikombe cha majani hayo hayo. Hukunja uso, hufumba macho, humeza. Nani atabisha, na jina lenyewe la mti limeshaahidi maradhi arobaini?

Mti huu, ambao wataalamu wa mimea huuita Azadirachta indica, ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani, na nguvu zake si hekaya. Mwaka 2000 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilifuta hataza iliyokuwa imetolewa kwa dawa ya kuua kuvu itokanayo na mafuta ya mwarobaini, baada ya wapinzani wake, akiwemo mwanaharakati wa India Vandana Shiva, kuonyesha kwamba wakulima wa huko walikuwa wakiyajua matumizi hayo tangu zamani. Kesi hiyo husimuliwa kama ushindi wa maarifa ya wenyeji, na ni haki. Ila msimuliaji husahau kutaja kwamba kilichogombewa kilikuwa sumu, japo ni sumu ya kuvu. Azadiraktini, kemikali inayopatikana kwa wingi zaidi kwenye mbegu, huwanyima wadudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wao, na ndiyo maana huuzwa kama kiuatilifu.

Neno moja, basi, limebeba dawa kadhaa. Jani la kuogea, kijiti cha mswaki, gome la kuchemsha na mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye mbegu vyote huitwa mwarobaini, na anayeambiwa "mpe mwarobaini" huchukua kilicho karibu.

Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari wa Malaysia kuhusu watoto wadogo 13 waliodhurika baada ya kunyweshwa mafuta hayo. Walezi wao hawakuwa na nia mbaya. Katika baadhi ya familia za huko, mafuta ya mwarobaini yalikuwa dawa ya nyumbani ya maradhi madogo madogo. Saa chache baadaye watoto walianza kutapika, kusinzia, kuhema haraka haraka na kupata degedege. Sumu ilikuwa imewafika ini na ubongo.

Dalili hizo zisomwe tena polepole. Kutapika, usingizi mzito, kuhema kwa kasi, degedege: mama yeyote wa Tanga au Kilifi ataziita malaria kali. Mlezi asiyejua kwamba mafuta ndiyo yaliyoanzisha balaa anaweza kuongeza kijiko cha pili ili kutibu kile alichokisababisha kwa kijiko cha kwanza. Kwa mtoto mchanga hakuna kipimo cha mafuta ya mwarobaini cha kunywa kinachoweza kuitwa salama. Akishayanywa, asitapishwe, kwa sababu mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Akimbizwe hospitali, na chupa iende naye.

Chupa nayo ina kisa chake. Mafuta mengi ya kunyunyizia bustani huchanganywa na sabuni ili yakubali maji, kisha huhifadhiwa kwenye chupa ya soda iliyokwisha, na anayeiona anaweza kudhani ni ya kunywa. Hata mafuta yasiyo na sabuni yana hatari yake: mbegu zilizokaushwa ovyo huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumukuvu, ileile inayoogopwa kwenye mahindi na karanga.

Wajawazito, na hata wanaotafuta ujauzito, wakae mbali na mwarobaini wa kunywa: majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa mafuta yake huzuia mimba kujishikiza na yanaweza kuiharibu. Mwenye kisukari anayemeza vidonge vyake asubuhi na kikombe cha majani jioni anaweza kujikuta sukari imeshuka kupita kiasi; jasho jembamba na mikono kutetemeka ni onyo, si dalili kwamba "dawa inafanya kazi." Na kikombe hicho hakichukui nafasi ya dawa ya mseto ya malaria. Uchungu wake haupimi idadi ya vimelea vilivyobaki kwenye damu. Kazi hiyo ni ya kipimo.

Kuna pia mti unaofanana nao, mmelia, yaani Melia azedarach, unaopandwa kwa kivuli na mapambo. Matunda yake ni sumu. Mchumaji mwenye haraka huchanganya, ingawa tofauti ziko wazi kwa anayetazama. Kikonyo cha jani la mwarobaini kina vijani vilivyopangika huku na huku mara moja tu. Cha mmelia hugawanyika tena katika vitawi vidogo ndipo vijani vitokee. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana rangi ya zambarau. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo kama zeituni. La mmelia ni la mviringo, nalo hubaki likining'inia kwenye matawi hata majani yakishapukutika. Unga uliosagwa na kufungwa kwenye karatasi sokoni hauna jani, ua wala tunda, na hapo hata mtaalamu wa mimea hana cha kutazama.

Kikwazo cha mwisho hutokea mbele ya meza ya daktari. "Umetumia dawa gani?" Mgonjwa hujibu hajatumia chochote, na hadanganyi: kwake dawa ni kidonge, mwarobaini ni mti wa uani. Daktari akiuliza, "Umekunywa majani gani, na uliyachemsha kwa muda gani?" mazungumzo hubadilika, na sufuria ya jana usiku huanza kusimuliwa.