Mlangamia na Kuskuta: Nyuzi Zisizo Ndugu

Katika vichaka vya pwani ya Afrika Mashariki huonekana nyuzi zisizo na majani, zilizotanda juu ya miti kama wavu. Huo ndio mlangamia, Cassytha filiformis, mmea wa asili uliopewa jina hilo na Linnaeus mwaka 1753. Lakini nyuzi zinazofanana nazo huonekana pia mashambani na kwenye michongoma, hata mbali na bahari. Nyingi katika hizo ni za mgeni kutoka Marekani ya Kaskazini: kuskuta, Cuscuta campestris, iliyoainishwa na Yuncker mwaka 1932.

Kufanana huku si kwa udugu. Mlangamia ni wa jamii ya mparachichi na mdalasini. Kuskuta ni ya jamii ya kiazi kitamu. Kila mmoja hujizungusha kwenye shina la mmea mwingine, hulitoboa kwa vinyonyeo, na kuvuta humo maji na chakula. Ni maisha haya ya kupe yaliyoipa mimea hii miwili umbo moja.

Kwa hiyo ushahidi hutafutwa katika ua na tunda. Ua la mlangamia lina vipande sita: vitatu vidogo vya nje na vitatu vikubwa vya ndani. Maua hayo hupangika mbalimbali kwenye kikonyo. La kuskuta kwa kawaida lina petali tano zilizoungana kama kengele, na maua yake hushikamana katika vifundo. Tunda la mlangamia lina nyama na mbegu moja. La kuskuta ni kavu, lenye mbegu zisizozidi nne. Shina la mlangamia ni gumu zaidi, mara nyingi lenye ukijani. La kuskuta ni laini, la manjano au rangi ya chungwa.

Hata hivyo, si kila kuskuta ni mgeni. Cuscuta kilimanjari ni mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Penye shaka, kielelezo chenye maua kipelekwe kwa wataalamu wa mimea.

Kosa hapa lina gharama. Mbegu za kuskuta huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi, na kipande cha uzi kikiangukia mmea mwingine huweza kushika. Mkulima aidhaniaye kuwa mlangamia wa siku zote huiacha izae. Aikataye na kuitupa kando huieneza. Yafaa iondolewe kabla ya kuzaa, pamoja na matawi iliyoyashika, ikateketezwe. Lenzi ya mkono na ua moja vyatosha kuanzia uchunguzi huo darasani.