Kutoamini na Kuamini Kinyume: Mantiki ya Ithibati katika Suala la Fumo Liyongo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza kauli mbili ambazo ni rahisi kuchanganywa katika mijadala ya fasihi na historia ya Waswahili: (a) "Mtaalamu haamini kwamba Liyongo aliishi" na (b) "Mtaalamu anaamini kwamba Liyongo hakuishi." Tofauti baina yake ni ya kimantiki kabla ya kuwa ya kihistoria.

2.0 Mahali pa Ukanushi

Katika (a), kiambishi kanushi kimo katika kishazi kikuu. Kinachokanushwa ni imani. Katika (b), kimo katika kishazi tegemezi. Kinachokanushwa ni kuishi kwenyewe. Asiyejipinga akishika (b) hana budi kushika (a), lakini (a) haimlazimishi mtu kushika (b). Mtu aweza kutoamini kwamba Liyongo aliishi na pia asiamini kwamba hakuishi. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida, "haamini kwamba atakuja" aghalabu hueleweka kuwa "anaamini kwamba hatakuja". Mazoea hayo ya usemi huchangia mkanganyiko.

3.0 Ukimya wa Ithibati

Utenzi wa Muhammad Kijumwa juu ya Liyongo ni wa mwaka 1913, nayo makadirio ya wataalamu kuhusu zama za shujaa huyo yanapishana kwa karne kadhaa. Je, kukosekana kwa maandishi ya zama zake ni hoja dhidi yake? Ukimya huwa hoja pale tu ambapo athari za jambo, lau lingekuwa kweli, zingetarajiwa kubaki, na zimetafutwa ipasavyo zisionekane.

Mfano ni Shanga, kisiwani Pate. Uchimbuaji ulioongozwa na Mark Horton kuanzia mwaka 1980 ulifichua, chini ya msikiti wa mawe, mabaki ya misikiti midogo ya miti, wa awali ukikadiriwa kuwa wa karne ya 8. Kabla ya hapo, ambaye hakuamini kuwapo kwake kwa kukosa ithibati hakukosea. Ambaye angeamini kwamba haukuwapo angekosea.

Kanuni hii haihalalishi kila dai. Liyongo asiyedhurika ila kwa kuchomwa kitovuni kwa shaba anakanushwa na yote yajulikanayo kuhusu mwili wa binadamu. Hapo (b) ina msingi. Liyongo mtawala na malenga hakanushwi hivyo. Hapo inayofaa ni (a), hadi ithibati itakapopatikana.

4.0 Hitimisho

Mzigo wa ithibati humwangukia kila adaiye, awe anathibitisha au anakanusha. Mhakiki anayeteleza kutoka (a) hadi (b) huzinyima tungo zinazonasibishwa na Liyongo mtunzi wake bila hoja. Naye anayeruka kutoka simulizi hadi tarehe huzipa umri zisiokuwa nao. Kusitisha hukumu, basi, si woga wa kitaaluma, bali ni kadiri halisi ya kijulikanacho.