Kazi ya Mchoraji na Deni la Kufundisha

Watu wengi hudhani kwamba kuchora picha ni mchezo wa watoto, au ni kazi ya wale tu wawezao kununua rangi za gharama kubwa. Mtoto akichora ng'ombe ukutani kwa mkaa, mara hukemewa kwamba amechafua nyumba. Katika mazungumzo haya twapenda kueleza kwamba uchoraji ni kazi kama uhunzi na ufinyanzi: ina vyombo vyake, ina faida yake, tena ina deni lake. Deni hilo ni kufundisha. Fundi asiyefundisha huzikwa pamoja na ujuzi wake. Bali afundishaye huacha nyuma yake mikono mingi.

Ninyi mlioko Kimali na sehemu nyingine za Simiyu msidhani kwamba jambo hili ni geni kwenu. Katika nchi ya Wasukuma kilikuwako chama cha Bayeye, yaani mabingwa wa nyoka, waliojua kuwakamata, kuwacheza na kutumia dawa zao. Bayeye walichora picha kwenye kuta za ndani za nyumba walimowafundishia wanachama wapya. Walichora nyoka, watu na wanyama kwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Picha hizo hazikuwa pambo tu. Zilikuwa kama kitabu kwa mtu asiyejua kusoma: mwanafunzi alitazama ukuta, na mwalimu wake akamfasiria.

Lakini mafundisho hayo yalikuwa ya siri, na ukuta wa udongo haudumu. Nyumba ikianguka, picha huanguka nayo. Na siri isiyo na mrithi hupotea. Bwana Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Tanganyika na mchunguzi wa desturi za watu, alikusanya habari za picha hizo na kuzitia katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1953. Kama si kazi hiyo, sisi tulio nje ya chama tungejua machache sana juu ya wachoraji hao. Hata majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Sasa tutazame mfano mwingine, wa mtu aliyefanya kazi yake nje, machoni pa watu wote. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika nchi ya Tunduru, kusini mwa Tanzania. Hakupata kusoma katika chuo chochote cha uchoraji. Alikwenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi mbalimbali za kujipatia riziki. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora picha na kuziuza karibu na maduka ya Morogoro Stores, huko Oysterbay.

Vyombo vyake vilikuwa vya kawaida kabisa. Hakuwa na turubai ya wachoraji wa Ulaya, basi alitumia mbao nyembamba za kiwandani, zile ambazo mafundi huziweka darini, akazikata vipande vya mraba vipatavyo futi mbili kila upande. Rangi yake ilikuwa rangi ya mafuta ing'aayo, ile ipakwayo baiskeli. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja au mbili, akaungoja ukauke. Halafu akachora juu yake chui, au ndege, au kiboko, akimzungushia mistari na madoa. Mara nyingi mnyama mmoja tu alitosha kuijaza picha nzima.

Picha zilipoanza kununuliwa, Tingatinga hakuificha kazi yake. Aliwakaribisha jamaa zake na vijana wengine wakaketi karibu naye: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia. Hapakuwa na ubao wa darasa wala mtihani. Mwanafunzi aliona kwa macho yake jinsi rangi inavyokorogwa, jinsi mkono unavyouongoza mstari, na jinsi mnunuzi anavyojibiwa bei.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi usiku, wakilidhania gari alimokuwamo kuwa ni la wahalifu. Akafa. Hakuwa hata na umri wa miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ya kuchora ilikuwa haijadumu zaidi ya miaka michache. Fikirini, wasomaji wetu: kama angalichora peke yake ndani ya chumba kilichofungwa, ni nini kingalibaki? Zingalibaki mbao chache katika nyumba za wageni. Lakini wanafunzi wake walikuwa wamekwisha kujua. Walishikana, wakaendelea kuchora na kuwafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Ninyi wakulima wa pamba mwajua vema maana ya neno hilo. Hata leo jina la Tingatinga limekuwa jina la uchoraji wenyewe.

Yafaa tuseme pia hatari iliyomo. Mwanafunzi anayenakili picha ya mwalimu siku zote amejifunza mkono bila jicho. Wafuasi wa Tingatinga walio bora hawakukoma kwa chui mmoja. Walichora vijiji, hospitali, masoko na watu wengi katika ubao mmoja. Mwalimu mwema hufurahi aonapo mwanafunzi wake anachora jambo ambalo yeye mwenyewe hakulichora.

Basi, shule ya kijiji yaweza kuanzaje? Rangi zimo ardhini. Udongo mwekundu umepata wekundu wake kwa kutu ya chuma iliyomo ndani yake, nao hauchujuki upesi juani. Mkaa hutoa rangi nyeusi. Udongo mweupe au chokaa hutoa nyeupe. Kausha udongo, utwange, uuchekeche kwa kitambaa chembamba, kisha uukoroge kwa maji yaliyoyeyushwa gundi itokayo katika gome la mgunga. Gundi ndiyo ishikayo rangi ukutani. Bila gundi, rangi ikikauka hupukutika kama vumbi. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki chatosha kuwa brashi. Na kwa kuwa rangi ya namna hii haistahimili mvua, chagueni ukuta ulio chini ya upenu au ndani ya baraza.

Kisha watoeni watoto nje. Wakae kivulini, wamtazame ng'ombe aliye mbele yao, si ng'ombe wa kitabuni. Pembe zimeotaje? Kivuli chake kimeangukia wapi? Baada ya hayo, wapeni kazi ya kuwafaa watu: picha ya mama achemshaye maji ya kunywa, picha ya pamba safi iliyotengwa na pamba chafu, picha ya mtu aliyeumwa na nyoka akipelekwa upesi hospitali. Mzee asiyejua kusoma atapita, atasimama, atauliza. Na mtoto aliyechora atamweleza. Hapo mtoto amekuwa mwalimu.

Tena, kama kijijini yuko fundi anayeandika vibao vya maduka, au bibi ajuaye kupamba kuta na vyungu, mwalimu na amwombe aketi na watoto saa moja kila juma. Asingoje mpaka fundi huyo awe mzee sana. Ujuzi wa mikono haurithiwi kama ng'ombe, ambao hugawanywa baada ya mwenyewe kufa. Lazima utolewe angali hai, na mwenye kuutoa hapungukiwi kitu.