Matunzo ya Programu Huria za Sayansi ya Data: Mfano wa NumPy

Programu huria hutolewa bila malipo, lakini matunzo yake yana gharama. Makala hii inafafanua suala hilo kwa kurejelea NumPy, maktaba ya lugha ya Python inayotumika kukokotoa safu kubwa za namba. Watafiti wengi huitumia bila kuitambua, kwa kuwa programu nyingine, kama vile pandas na SciPy, zimejengwa juu yake.

NumPy iliasisiwa na Travis Oliphant kwa kuunganisha maktaba mbili zilizoitangulia, Numeric na Numarray. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 2006. Kwa takribani miaka kumi iliyofuata, mradi huo ulitegemea zaidi watu waliojitolea. Ruzuku zake kubwa za kwanza zilipatikana mwaka 2017, kutoka Gordon and Betty Moore Foundation na Alfred P. Sloan Foundation, kupitia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Miaka miwili baadaye ilitangazwa picha ya kwanza ya shimo jeusi, na NumPy ilikuwa miongoni mwa programu zilizotumika kuchakata data yake.

Ucheleweshaji huo una sababu tatu. Kwanza, ruzuku nyingi hulenga jambo jipya lenye mwanzo na mwisho, ilhali kurekebisha hitilafu na kuwajibu watumiaji ni kazi isiyokoma. Pili, vyuo vikuu hupandisha vyeo kwa kuzingatia zaidi machapisho kuliko msimbo. Tatu, kundi la watu wanaojitolea si taasisi yenye uwezo wa kisheria wa kupokea fedha. Pengo hili la tatu ndilo lililozibwa na NumFOCUS, asasi isiyolenga faida iliyoanzishwa Marekani mwaka 2012 ili kusimamia fedha kwa niaba ya miradi. Hata hivyo, mahali pa kupokelea fedha si chanzo cha fedha: ruzuku inapokwisha, ajira ya mtunzaji nayo huwa mashakani.

Suala hili linamgusa kila mtafiti, kwani hitilafu iliyomo katika maktaba huweza kupotosha matokeo hata kama mbinu zake ni sahihi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hivyo basi, inapendekezwa kwamba bajeti za utafiti zitenge fungu la matunzo, vyuo vikuu viyatambue matunzo kuwa kazi ya kitaaluma, na kila tasnifu itaje programu iliyotumika pamoja na toleo lake.